Waitara Hakuvuta Kamba

Kila mwaka, mwezi wa nne, simu yangu ilikuwa inaita saa nne asubuhi. Ikiita tu najua ni nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu niambie tena, Yassini. Mwanangu alivuta kamba?"

"Hakuvuta, mzee."

Hapo mzee anacheka. Anacheka kweli, mpaka kikohozi kinamshika. Halafu anasema, "Haya, asante," anakata.

Miaka tisa. Swali moja, jibu moja, kicheko kimoja. Hakuwahi kuniuliza hata habari za watoto.

Leo naandika yote kwa sababu wa kumficha hayupo tena. Atakayenitukana anitukane tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mtu wa Tanga. Siku hizi ni fundi cherehani hapa Mugumu. Ukifika stendi ukamuulizia "bondia", utaletwa kwangu moja kwa moja. Nilicheza ngumi za kulipwa mapambano kumi na moja, nikashinda saba. Lile la mwisho nitalisema huko mbele, sina haraka nalo.

Mwaka 2006 dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu upande wa Tarime. Walikuja walimu walioacha chaki, walikuja madereva, walikuja watu waliotoroka wake zao. Na mimi nikaja. Jina la machimbo yetu nalihifadhi, wengine bado wanaishi palepale.

Tulikuwa tunachimba kwenye duara la Machage, mtu wa hapohapo, ambaye hata akikusalimia unaweza kudhani anataka kukupiga. Duara ni shimo la kwenda chini moja kwa moja, limezungushiwa magogo ili udongo usikufunike. La kwetu lilikuwa na futi tisini.

Kambini tulikuwa watatu tuliofanana kwa jambo moja. Wote tulishawahi kulipwa kwa ajili ya miili yetu.

Kulikuwa na Masele, Msukuma, jitu kama kabati. Alikuwa beki wa ligi kuu kwa misimu miwili, goti likamrudisha nyumbani.

Kulikuwa na mimi.

Halafu kulikuwa na Waitara, mtoto wa kijiji cha Machochwe, mkimbiaji wa mbio ndefu. Mwembamba hasa. Ukimwona unasema huyu upepo ukikaza kidogo tunampoteza. Alikuwa anakimbia mbio za zawadi, Mwanza, Arusha, mpaka ng'ambo Kenya. Shimoni alikuja kutafuta viatu na nauli tu. Baada ya wiki mbili alikuwa na mbio Mwanza, na mkewe Agustina alikuwa na mimba ya kwanza.

Nilimpenda Waitara. Naomba mlishike hilo, maana mbele huko mtakuwa na haki ya kutoamini.

Mabishano yalianzia kwa Luciana, mama aliyekuwa anatupikia pale kambini. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imejaza duara maji, pampu inafanya kazi, sisi tumekaa na sahani za ugali na dagaa. Wanaume watatu hawana kazi, unategemea nini?

Masele ndiye aliyeanza.

"Hakuna mchezo mgumu kama mpira. Dakika tisini, jua la Shinyanga, mtu anakuja na njumu kwenye mfupa. Oneni hii." Akapandisha suruali. Goti lilikuwa limeshonwa kama gunia.

"Toka hapa," nikamwambia. "Nyie mkiguswa bega mnashika mguu. Mnagaagaa mpaka refa atoe kadi, halafu mnainuka mbio kama hakuna kilichotokea. Njoo kwenye ngumi, mwanangu. Morogoro nilivunjwa ubavu raundi ya tatu, nikamaliza zote kumi. Kila nikivuta pumzi nausikia mfupa unacheza."

Kulikuwa na jamaa wa Kenya aliyeleta mipira ya pampu kutoka Sirari. Akadakia huku anatafuna.

"Hizo zote ni michezo ya watoto, maboss. Raga ndio kusema. Mtu wa kilo mia anakugonga, na huna glovu, huna nini."

"Wewe kula uende," Luciana akamwambia. Tukacheka.

 Waitara alivua kiatu tu, akanyoosha mguu katikati yetu. Kati ya vidole vitano, viwili ndivyo vilikuwa na kucha.

"Kilomita ya thelathini na tano," akasema polepole, "mwili unakukatalia. Na wewe unaukatalia. Mimi nimekojoa damu Eldoret, nikavaa viatu kesho yake. Masele, wewe ukiumia inaletwa machela, anaingia mwingine. Na wewe, bondia..."

Akanigeukia, anatabasamu.

"Wewe kila dakika tatu unapigiwa kengele ukapumzike. Unawekewa na kiti! Mimi kiti niliwekewa na nani?"

Kambi nzima ilivunjika mbavu. Luciana alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Nami nilicheka. Lakini ndani nilikuwa nimeungua.

Pambano langu la mwisho lilikuwa Dar. Raundi ya sita kengele ililia, nikabaki nimekaa. Sikuwa nimeangushwa. Sikuwa natoka damu ya maana. Nilikaa tu kwenye kile kiti, kocha ananivuta mkono, ukumbi mzima unanizomea, nami nasema siwezi, siwezi. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya basi la kuja Mara, ambako hakuna aliyekuwa ananijua.

Waitara hakuyajua hayo. Alikuwa anatania tu, kama watu wanavyotaniana.

"Mashujaa wote nyie," Luciana akasema, anakusanya sahani, "mbona tuko wote hapa kwenye tope?"

 Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

"Maneno hayamalizi ubishi. Shimo lile pale."

Maji yakishanyonywa, chini hubaki tope, na tope halinyonyeki. Lazima mtu ashuke alichote kwa mikono, ajaze ndoo zipandishwe. Kule chini ni kwembamba, kuna joto, jasho linakuingia mpaka masikioni. Mtu wa kawaida dakika ishirini anaomba kutoka.

Sheria niliziweka mimi. Kila mmoja ashuke peke yake. Atakayekaa muda mrefu kuliko wenzake, mchezo wake ndio mgumu, na ubishi uishe milele. Kuna kamba nene ya kupandishia watu na ndoo, na kuna kamba nyembamba ya nailoni, ya ishara, maana kelele hazifiki vizuri. Ukivuta ile nyembamba mara moja tu, umekubali umeshindwa, tunakutoa.

Mara moja tu. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo huu.

Machage alifurahi. Tope lake lingetoka bila yeye kumfokea mtu.

"Mura, hayo sasa ndiyo maneno," akasema, na yeye mwenyewe akawasha mshumaa.

Mshumaa ndio uliokuwa kipimo chetu. Unaushusha na kopo mpaka chini. Ukizimika, hakuna hewa, mtu asishuke. Ukirudi unawaka, kazi iendelee. Tulifundishana hivyo machimboni, na tuliuamini mshumaa kuliko daktari.

Pampu yetu ilikuwa ya petroli. Haikuwa na nguvu ya kuvuta maji ikiwa juu, kwa hiyo ilikuwa inashushwa na kuwekwa juu ya magogo kulekule chini, inanguruma ndani ya shimo. Machimbo mengi yalifanya hivyo. Ikazimwa, mshumaa ukashuka, ukarudi unawaka vizuri kabisa.

Masele akashuka. Dakika ishirini na sita, akavuta. Alipofika juu alitambaa mpaka pembeni akatapika.

"Kichwa kinapasuka," akasema.

"Ligi kuu hiyo!" nikampigia kelele. "Beki mzima anatapika kama mjamzito!" Watu wakacheka naye akacheka, na matapishi mdomoni.

Maji yalikuwa yanaendelea kuchuruzika, kwa hiyo pampu ikawashwa tena robo saa. Ikazimwa. Mshumaa ukarudi unawaka.

Nikashuka mimi. Kulikuwa na joto na harufu ya mafuta, basi. Baada ya muda kichwa kikawa kizito, magoti yakalegea kama ugali mbichi. Nikasema ni joto. Nikavuta kamba. Dakika thelathini na nne! Nilipotoka masikio yalikuwa yanapiga filimbi, lakini nilinyanyua mikono juu kama nimechukua mkanda.

Pampu ikawashwa mara ya tatu, ikazimwa, mshumaa ukarudi unawaka.

Masele, ambaye bado alikuwa ameshika kichwa, akasema, "Jamani, huyu tumwache ashuke kesho. Huko chini leo si kuzuri."

Nikasema, "Kwani anaogopa?"

Waitara alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Mimi nimesimama jandoni, kuna baridi, kisu kinapita, baba yangu ananiangalia machoni. Sikupepesa. Leo niogope tope?"

Akavua ile saa yake ya kukimbilia, akanipa.

"Nihesabie wewe, bondia. Na kengele ikilia uniletee kiti."

Akashuka. Kamba nyembamba niliishika mimi.

Ndoo zilipanda moja baada ya nyingine. Dakika ya kumi, ya ishirini. Ya ishirini na tisa ilipanda ndoo moja, nusu. Halafu hazikupanda tena. Tukasema anapumzika kidogo.

Dakika ya thelathini na nne ilipopita, kambi ililipuka. Watu walipiga sufuria za Luciana. "Waitara! Waitara!" Mwanaume mwembamba kawashinda bondia na beki. Machage alikuwa anaruka kama mtoto. Dakika ya arobaini walikuwa bado wanashangilia.

Dakika ya hamsini Masele akasema, "Mbona kimya?"

Tukaita. Tukaita tena. Kelele zote zikafa.

Kabla mtu hajauliza nani atashuka, mimi nilikuwa nimeshajifunga kamba nene kifuani na kitambaa chenye maji puani. Luciana alikuwa analia, ananiambia nisiende. Nilienda. Chini nilimkuta ameketi, ameegemeza mgongo ukutani, kama mtu anayengoja basi. Nilimfunga kifuani kwangu, wakatuvuta wote wawili.

Alikuwa ameshakufa. Mimi nilizimia, nikaamka kwenye benchi la Luciana, na watu wananiita shujaa.

Siku ya pili alikuja ofisa mmoja wa madini. Alituuliza kuhusu pampu, akatikisa kichwa.

"Moshi wa pampu una sumu isiyo na harufu," akasema. "Mshumaa unaendelea kuwaka ndani yake kama kawaida. Na mtu haumii. Anachoka, anasinzia, basi."

Haumii. Hilo neno lilinimaliza. Sisi tulikuwa tumekaa pale tunashindana nani anajua kuumia, na kilichokuja hakikuwa na maumivu ya kumshindanisha mtu yeyote. Goti la Masele na ubavu wangu na kucha za Waitara, vyote havikuwa na kazi.

Tulimzika Machochwe. Baba yake, Mzee Nyangwine, alimwosha mwenyewe, mlango umefungwa, hakutaka msaada. Alipotoka alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama, watu wote wanatazama.

"Wewe ndiye uliyeshika kamba?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Alivuta?"

 Wazee wa rika lake walikuwa wamesimama pale uwanjani na fimbo zao, wanangoja.

"Hakuvuta, mzee," nikasema. "Hakuvuta hata kidogo."

Wazee wakaguna kwa heshima. Mwanaume yule, wakasema. Mzee Nyangwine alinitazama muda mrefu sana, halafu akaamuru niletewe kiti. Nikaletewa kiti. Nikakaa.

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Dakika ya thelathini na moja, kamba ilivutwa.

Haikutikisika, haikugusa gogo. Ilivutwa. Mara moja, kwa nguvu, kama nilivyosema ivutwe. Niliisikia mpaka kwenye bega.

Niliangalia huku na huku. Masele alikuwa amejilaza na kitambaa usoni. Machage anasokota sigara. Hakuna aliyeona.

Ningesema "amevuta," ningekuwa nimemshinda kwa dakika tatu. Lakini wangesema bondia anadanganya, anataka ushindi wa bure. Nilitaka avute tena. Nilitaka nimwite Masele aishike naye, nimwite Machage, nimwite Luciana aliyecheka mpaka akaweka mwiko chini. Nilitaka wote waone kwamba na mkimbiaji naye hukaa kitini.

Kwa hiyo nikangoja ya pili.

Nilihesabu mpaka sitini. Nikarudia. Kamba ilikuwa imetulia. Dakika ya thelathini na nne ikapita, watu wakaanza kushangilia, na mimi sikuwa tena na namna ya kusema. Ningesemaje? Kila dakika iliyopita ilikuwa inaufanya mdomo wangu kuwa mzito zaidi. Nikaanza kujidanganya, labda lilikuwa gogo, labda ni ndoo. Nilikuwa najua si ndoo.

Na ule ushujaa wa kushuka? Nilitaka kumwokoa, naapa. Lakini pia nilitaka niwe wa kwanza kufika. Kamba nyembamba alikuwa ameizungusha kwenye kiganja cha kulia mara tatu, ameikaza. Kabla sijamfunga, kabla sijagusa hata shingo yake kuona kama yu hai, niliifungua ile kamba mkononi mwake.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwanza kule chini.

Sikurudi tena shimoni. Nikaja Mugumu, nikajifunza cherehani, nikaoa. Saa yake ya kukimbilia iko kwenye droo, betri ilikufa zamani. Na kila mwaka, mwezi wa nne, mzee akapiga.

Mara nyingine nilijiambia, mwache na fahari yake. Nikimwambia ukweli nitamnyang'anya mtoto mara ya pili. Niliona ni huruma. Nilijisifia mpaka huruma.

Mwaka wa kumi simu haikuita. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Niliharibu gauni la mteja siku hiyo.

Mwezi wa tano akaingia dukani mwanamke amevaa kitambaa cheusi kichwani. Nilimtambua. Agustina, mjane wa Waitara.

"Karibu, shemeji. Mzee hajambo?"

"Mzee tumemzika mwezi wa tatu."

Nikampa pole. Nikamsogezea kiti, akakataa.

"Sikai. Ameniachia maneno nikuletee. Alisema nisiyaseme kwa simu."

"Maneno gani?"

Aliyasema kama alivyoyashika, bila kuongeza kitu.

"Alisema: mwambie bondia, mwanangu nilimwosha mwenyewe. Kiganja cha kulia kilikuwa na mistari mitatu ya kamba nyembamba."



Nilitafuta pa kushika, nikashika cherehani. Alijua. Alijua tangu siku ile uwanjani, kabla hajaniuliza mara ya kwanza. Aliniuliza anajua.

"Sasa kwa nini..." Nikaanza upya. "Kwa nini alikuwa ananipigia?"

"Simu ilikuwa yangu, mimi ndiye nilikuwa nambonyezea. Kila mwaka alikuwa anasema, labda mwaka huu atasema."

"Lakini alikuwa anacheka!"

"Alisema ukimsikia ana hasira hutasema kamwe. Akishakata, anatoka anaenda zizini. Siku hiyo tulikuwa hatumsemeshi mpaka jioni."

Nilianza kulia. Mtu mzima, mbele ya vitambaa vya watu. Nikamwambia, "Agustina, ngoja nikueleze. Kamba, siku ile, mimi..."

Akanyanyua mkono.

"Mimi sina swali," akasema.

Akaondoka. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya stendi. Hakugeuka.

Vijana huwa wanakuja kukaa hapa dukani kubishana, nani mgumu, mcheza mpira au bondia au hawa wa mieleka wa kwenye video. Wananiambia, "Baba, wewe ulikuwa ulingoni, tuamulie." Nawaambia sijui, nendeni mkafanye kazi. Ninachojua ni kwamba nilivunjwa ubavu nikamaliza raundi kumi, na neno moja, "alivuta", lilinishinda kulitoa kwa miaka tisa. Na mzee mmoja wa Machochwe, ambaye hakuwahi kucheza mchezo wowote wa kulipwa, alinisikiliza nikimdanganya kila mwaka na akanishukuru.

Kama umesoma mpaka hapa, chukua hili moja. Ukikabidhiwa kamba ya mtu, ikivutwa mara moja, mtoe. Usingoje ya pili ili watu waone.

Mwezi wa nne huu, saa nne asubuhi, niliipiga mwenyewe ile namba. Iliita mpaka ikakata.